Majanga makubwa ya dunia: nani anakufa, nani analipa? (Uzi mrefu)

Mkazi wa Mchikichini (mleta mada)

Wanajamvi, heshima kwenu. Wakubwa, shikamooni.

Masika yakianza tu, magrupu ya WhatsApp hujaa zile orodha za "majanga 10 mabaya kuliko yote duniani". Nimezisoma miaka mingi na kuna jambo ndani yake linaniuma. Anayepanga kwa dola huweka Japani na Marekani juu. Anayepanga kwa vifo huweka China, Bangladesh, Haiti na Indonesia. Ziweke orodha hizo mbili sambamba uone, majina yanayojirudia ni machache sana. Sisi tunaoishi kandokando ya Mto Msimbazi, kuanzia Vingunguti hadi Jangwani, tuna haki ya kuuliza: hasara ya janga inapimwa kwa kipimo gani, na aliyepima ni nani?

Chukua mwaka 2010. Januari 12, tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti, jirani kabisa na mji mkuu wa Port-au-Prince. Wiki sita na ushee baadaye, Februari 27, Chile ikapigwa na tetemeko la 8.8. Kipimo hiki hakipandi sawasawa kama rula: kutoka 7.0 hadi 8.8, nishati inayotoka ardhini huongezeka karibu mara 500. Chile walikufa watu wapatao 525, wakiwemo waliochukuliwa na mawimbi ya tsunami. Haiti mpaka leo hesabu haijakubaliwa. Makadirio ya chini yako kwenye laki moja, na serikali yao ilitaja zaidi ya laki tatu.

Ni kweli la Chile lilitokea baharini na la Haiti lilikuwa chini ya miguu ya jiji, na hilo lina uzito wake. Lakini Chile walishafunzwa mwaka 1960 pale Valdivia, tetemeko la 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani. Waliweka kanuni za ujenzi na wakazisimamia. Haiti ghorofa zilipandishwa kwa zege dhaifu na nondo za kubahatisha, mkaguzi hapiti. Hata ikulu yao ilianguka.

Sasa tazama dola. Chile walipoteza takriban bilioni 30, Haiti takriban bilioni 8. Kwenye orodha ya dola, Chile ndiye aliyeumia zaidi, karibu mara nne. Ila zile bilioni 8 za Haiti, kwa hesabu za wakati ule, zilizidi pato zima la nchi la mwaka mmoja.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lilikusanya majanga ya hali ya hewa na maji ya kuanzia 1970 hadi 2021. Yalikuwa karibu 12,000, yameua zaidi ya watu milioni 2 na kuharibu mali ya dola trilioni 4.3. Katika kila vifo kumi, tisa ni vya nchi zinazoendelea. Hasara ya fedha, zaidi ya asilimia 60, imeandikwa kwa nchi tajiri. Lakini majanga mengi ya nchi hizo tajiri hayakula hata asilimia 0.1 ya pato lao, na hakuna hata moja lililovuka asilimia 3.5. Kwenye nchi maskini kabisa yapo yaliyomeza karibu asilimia 30 ya pato kwa mkupuo mmoja. Kwenye visiwa vidogo yapo yaliyopita asilimia 100.

Mnaona inavyokwenda? Dola inahesabu kile ambacho tayari kilikuwa na karatasi: nyumba yenye hati, kiwanda chenye vitabu vya mahesabu, gari lenye bima. Banda la mama lishe, mtaji wa machinga uliolowa stoo, godoro, cherehani, vyeti vya shule vya watoto, hivyo havina pa kuandikwa. Janga likipita kwetu, kwenye takwimu za dunia linaonekana dogo. Naomba tulijadili hili kwa kina.

Fundi wa Tabata

Mkuu, hapo kwenye zege umenigusa. Niko saiti tangu ujana. Bosi anakwambia punguza saruji, ongeza mchanga, na mchanga wenyewe umechotwa mtoni una udongo. Ringi za nguzo anataka uziachanishe ili nondo zitoshe. Ukikataa anamleta fundi mwingine kesho asubuhi.

Ile Februari 2023 nilitazama video za Uturuki, ghorofa zinashuka wima, sakafu juu ya sakafu. Mimi nikasema haya hayakuwa majengo. Hebu tuambie mkuu, pale liliua tetemeko au waliua mafundi?

Mkazi wa Mchikichini (mleta mada)

Fundi, vyote viwili, ila usiwabebeshe mafundi peke yao.

Februari 6, 2023 lilipiga la 7.8 alfajiri, na mchana wake likafuata la 7.5. Uturuki pekee walikufa zaidi ya watu 53,000, na Syria maelfu wengine. Benki ya Dunia ilikadiria uharibifu wa moja kwa moja Uturuki kuwa dola bilioni 34.2, sawa na asilimia 4 ya pato la taifa la 2021. Kanuni nzuri za ujenzi walikuwa nazo, walizikaza baada ya tetemeko la Izmit la 1999 lililoua zaidi ya 17,000. Sasa sikia hili. Mwaka 2018 ulitolewa msamaha: mwenye jengo lililokiuka taratibu analipa ada, jengo linahalalishwa. Serikali ikapata fedha, wenye majengo wakapata karatasi, nguzo zikabaki vilevile.

Kuna mji unaitwa Erzin, uko mkoa wa Hatay, mkoa ulioumizwa sana. Erzin halikuanguka jengo hata moja na hakufa mtu. Meya wao alisema hawakuruhusu ujenzi holela. Wataalamu wa miamba wanaongeza kwamba ardhi yao ni ngumu, na mimi nayapokea maelezo yote mawili.

Kwetu Kagera, Septemba 10, 2016, lilipita la 5.9. Kwa Japani hilo ni la mtu kusimama kidogo kisha akaendelea na kazi. Bukoba walikufa watu wasiopungua 17, na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Na ghorofa la Kariakoo la Novemba 2024 lilianguka bila tetemeko lolote. Hapo fundi umeshajijibu mwenyewe.

Mzee wa Magomeni

Wanangu, nawasoma. Mimi niliiona Desemba 2011 kwa macho yangu. Tuliambiwa mvua ya namna ile haijanyesha Dar tangu mwaka 1954. Walikufa watu zaidi ya 40. Maji yalikuwa yanatembea na makabati, mitungi ya gesi, mbuzi. Msiyaweke yote kwa binadamu, mengine ni mapenzi ya Mwenyezi Mungu na kazi yetu ni kuomba na kusaidiana.

Mkazi wa Mchikichini (mleta mada)

Shikamoo mzee wangu. Kwenye mvua sibishani nawe hata kidogo, mvua ni ya Mungu. Swali langu linaanza pale mvua ilipogusa ardhi. Naomba nikupe habari za Waislamu wenzetu wa Bangladesh, kwa kuwa sijui watu wanaomcha Mungu na wakati huohuo kupambana na maji kuwazidi wao.

Novemba 1970, wakati bado panaitwa Pakistan ya Mashariki, kimbunga kiliingia kutoka Ghuba ya Bengal usiku, na bahari ikapanda juu ya visiwa vya delta. Waliokufa wanakadiriwa kuwa laki tatu hadi laki tano. Ndicho kimbunga kilichoua watu wengi kuliko vyote vinavyojulikana. Namna serikali ya mbali ilivyochelewa kuwajali ilichangia hasira zilizozaa vita vya uhuru mwaka uliofuata.

Mwaka 1972 wakaanzisha mpango wa kujiandaa kwa vimbunga, serikali pamoja na Hilali Nyekundu. Si mitambo ya mabilioni. Ni vijana wa kijiji wenye redio, bendera za ishara na vipaza sauti, wanapita kwa baiskeli na kwa miguu. Leo wanaojitolea ni zaidi ya 76,000.

Haikufanya kazi mara moja. Mwaka 1991 kikaja kingine, wakafa karibu watu 140,000, na wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Walipochunguza, wakakuta wanawake walikuwa wanasubiri waume zao waruhusu, na wengine waliona aibu kukaa kwenye jengo moja na wanaume wageni, hakuna chumba chao wala choo chao. Wengine hawakutoka kwa sababu ya ng'ombe. Wakarekebisha hayo hayo: vyumba vya wanawake, wanawake wakawa nusu ya wanaojitolea, vilima vya udongo vikainuliwa kwa ajili ya mifugo. Majengo ya kukimbilia, yenye nguzo ndefu, siku za kawaida ni shule.

Kimbunga Sidr cha 2007 kiliua takriban 3,400. Amphan cha 2020 kilikuta watu zaidi ya milioni 2 wameshahamishwa, tena katikati ya Korona, na waliokufa Bangladesh walihesabika kwa makumi. Bahari ni ileile, na nchi bado haijawa tajiri.

Mzee wa Magomeni

Marahaba mwanangu. Hilo la ng'ombe nimelielewa. Mwaka 2011 jirani yangu alirudi ndani kwa ajili ya cherehani.

Msomaji wa Sinza

Mleta mada, unawasifia wenye kanuni na mazoezi. Japani wana kila kitu: fedha, mitambo, nidhamu. Mbona Machi 2011 walikufa karibu elfu ishirini? Isije ikawa tunajipa matumaini bure.

Mkazi wa Mchikichini (mleta mada)

Swali zuri mkuu, na linastahili jibu la haki.

Machi 11, 2011, tetemeko la 9.0. Waliothibitika kufa ni karibu 15,900, na zaidi ya 2,500 hawajaonekana mpaka leo. Hasara, Benki ya Dunia ilisema inaweza kufika dola bilioni 235, kubwa kuliko ya janga lolote la asili kabla yake. Zingatia hili: tetemeko lenyewe liliua wachache mno. Majengo yalisimama. Walioondoka waliondoka na maji, kwa kuwa kuta za bahari zilijengwa kwa kipimo cha mawimbi yaliyokumbukwa na waliozijenga, na siku ile yalikuja makubwa zaidi.

Isipokuwa Fudai. Hiki ni kijiji cha wavuvi, watu kama 3,000. Meya wao Kotoku Wamura alikuwa ameona tsunami ya 1933 na miili ikitolewa kwenye kifusi. Alipopata madaraka akasisitiza ukuta na lango la mto vyenye urefu wa mita 15.5, vikubwa kuliko vya vijiji vya jirani. Alilaumiwa kwa miaka kwamba anatupa fedha za umma. Alifariki 1997, hakuona. Mwaka 2011 kijiji kilisimama, na aliyepotea ni mtu mmoja aliyekwenda kuangalia mashua yake.

Na Kamaishi, karibu wanafunzi 3,000 wa shule za msingi na sekondari waliokoka. Walikuwa wamezoezwa kukimbilia mlimani bila kungoja kuambiwa, wakubwa wakiwashika mkono wadogo.

Kwa hiyo hapana, si bure. Kikomo kipo, na kikomo hicho huwekwa na kumbukumbu ya watu.

Mtwara Kuchele

Nichangie kutoka kusini. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikuwa kinakuja upande wetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, shule zikafungwa, watu wakaambiwa wahame maeneo ya chini. Tulihama kweli. Mwishowe kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, sisi tukapata upepo na mvua tu. Baada ya hapo wapo waliosema walituhamisha bure. Ndugu zetu Wamakonde upande wa pili walipoteza nyumba kwa maelfu na watu zaidi ya 40, wiki sita tu baada ya Idai kuipiga Beira.

Mimi nasema: tuhamisheni "bure" hivyohivyo kila mara.

Mkazi wa Mchikichini (mleta mada)

Naunga mkono kwa mikono miwili. Kukosa kuhamishwa "bure" ndiko kulikotugharimu sisi Dar mwaka 2004, ila watu wamesahau.

Desemba 26, 2004, karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, tetemeko la 9.1 lilipiga baharini pembeni ya Sumatra. Tsunami yake iliua watu karibu 230,000 katika nchi 14, zaidi ya 160,000 wakiwa Indonesia, mkoa wa Aceh. Kutoka kule mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 6,000. Wimbi lilitumia saa nyingi njiani. Sisi tuliamka, tukanywa chai, watoto wakaenda beach maana ilikuwa kesho yake ya Krismasi, Jumapili. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wengi wakiwa wanaogelea hapahapa Dar. Kenya waliona habari za Asia kwenye televisheni, wakaondoa watu fukweni, alikufa mmoja.

Saa zote zile, na redio zipo, na simu zipo. Kila nikipita Coco Beach siku ya sikukuu hili linanirudia.

Kwenye kisiwa cha Simeulue, jirani kabisa na kitovu cha tetemeko, walikuwepo watu wapatao 78,000 na walikufa 7. Hawakuwa na mtambo wowote. Tangu tsunami ya 1907 wazee walikuwa wanawasimulia wajukuu: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, usiokote samaki, kimbia mlimani. Karibu miaka 100 ya kusimulia.

Sasa hivi mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi upo, ulijengwa baada ya msiba ule, na Mamlaka yetu imo ndani yake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoelekea Mafia tulitangaziwa siku kadhaa kabla na boti za Zanzibar zikasimamishwa. Barabara ya Lindi ilikatika pale Somanga, lakini watu wengi walikuwa tayari wamekaa mahali salama. Tume moja ya kimataifa mwaka 2019 ilieleza kwamba taarifa ya saa 24 tu kabla ya dhoruba inaweza kupunguza uharibifu kwa asilimia 30. Ujumbe wa simu unagharimu kiasi gani?

Mama Lishe wa Kigogo

Kaka, mimi nataka kuongelea fedha maana hapo ndipo panapouma na hapaandikwi.

Maji yakiingia, kinachoondoka kwanza ni mtaji. Unga, mchele, mafuta, mkaa. Mkaa ukilowa kausha uwezavyo, hauwaki vizuri. Masufuria yanabaki ila benchi zimeenda. Wateja wangu ni madereva na wapiga debe, barabara ya Jangwani ikifungwa na mwendokasi ikisimama hawapo. Wiki mbili hakuna hela, mwenye nyumba anataka kodi yake. Ndipo unaingia kausha damu. Marejesho ya kila siku, mvua ilinyesha haikunyesha. Mafuriko yanakauka mwezi ule ule, mkopo unakaa mwaka mzima. Mtoto anatolewa shule. Hiyo hasara iko kwenye trilioni ngapi?

Mkazi wa Mchikichini (mleta mada)

Dada, umeieleza vizuri kuliko ripoti zote nilizosoma.

Kidogo kilichowahi kupimwa kwetu ni mafuriko ya Aprili 2018. Benki ya Dunia ilikwenda kuuliza kaya zenyewe, ikakadiria hasara inazidi dola milioni 100, takriban asilimia 2 ya pato la Dar. Kwenye orodha za dunia dola milioni 100 hazionekani hata kwa darubini. Kimbunga Katrina cha 2005 pekee kilikuwa dola bilioni 125. Ila kwa kaya ya Kigogo, kama ulivyosema, ni mwaka mzima wa maisha.

Na vifo navyo hufichwa hivyohivyo. Kimbunga Maria kilipopita Puerto Rico Septemba 2017, takwimu rasmi zilibaki kwenye vifo 64 kwa karibu mwaka. Utafiti ukafanyika, serikali ikakubali: 2,975. Tofauti yote ile ni watu waliokufa baadaye, umeme haupo kwa miezi, mgonjwa wa figo hapati mashine, mwenye kisukari insulini imeharibika, barabara haipitiki. Maria hiyohiyo iliharibu kisiwa cha Dominica mali yenye thamani ya asilimia 226 ya pato la mwaka. Dominica angalau walikuwa kwenye mfuko wa bima wa nchi za Karibi na wakalipwa takriban dola milioni 19 ndani ya wiki mbili. Hazikutosha kwa lolote kubwa, lakini zililipa mishahara ya wafanyakazi wa serikali wakati hakuna kodi inayokusanywa.

Pakistan 2022, mafuriko yaliathiri watu milioni 33. Walikufa zaidi ya 1,700, uharibifu na hasara za kiuchumi zikapita dola bilioni 30. Mkulima wa Sindh amepoteza pamba, mbegu ya msimu ujao, na nyati. Anakopa kwa mwenye shamba. Kausha damu ya kule, dada, inarithiwa na watoto.

Msomaji wa Sinza

Samahani dada wa Kigogo, sikukusudii wewe. Lakini watu wa bondeni baada ya 2011 walipewa viwanja Mabwepande. Wengine waliuza wakarudi. Serikali ifanye nini tena? Mtu akikataa kuokolewa lawama ni za nani?

Mama Lishe wa Kigogo

Sijakasirika kaka. Kiwanja anapewa mwenye nyumba, mimi ni mpangaji. Na hata ningepewa: kutoka Mabwepande mpaka ninapouza chakula, nauli ya kwenda na kurudi inakula faida yote. Saa kumi alfajiri natakiwa niwe nimewasha jiko. Kule mwanzoni nani angekula wali wangu? Sikai bondeni kwa ubishi. Nakaa hapa kwa sababu kodi ninaiweza na kazi iko hapa.

Mkazi wa Mchikichini (mleta mada)

Msomaji, swali lako huulizwa kila nchi. New Orleans 2005 waliuliza hivyohivyo: amri ya kuhama ilitoka siku moja kabla ya Katrina, mbona wamebaki? Wengi waliobaki hawakuwa na gari, wala hela ya nyumba ya wageni. Kingo za mifereji zilipopasuka, asilimia 80 ya jiji ilifunikwa na maji.

Au Armero, Colombia. Novemba 13, 1985 mlima wa volkano Nevado del Ruiz uliyeyusha theluji yake, tope likashuka usiku na kuzika mji, watu karibu 23,000. Ramani ya hatari ilikuwa imeshachorwa wiki kadhaa kabla na Armero ilikuwa ndani ya rangi ya hatari. Jioni ile waliambiwa watulie majumbani. Hao walikataa kuokolewa?

Tope hilo tunalijua. Desemba 3, 2023 sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka juu ya Katesh, tukazika ndugu zetu wapatao 89. Aprili iliyofuata Waziri Mkuu alilitajia Bunge vifo 155 vya mvua zile za El Niño nchi nzima.

Bonde la Msimbazi sasa lina mradi wake, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200: kupanua mto, kujenga daraja jipya Jangwani, kuhamisha karakana ya mwendokasi, kulipa fidia. Naupenda mradi huu na naomba ukamilike. Ila ni lazima tuulize kila hatua: mpangaji anakwenda wapi, na huko aendako kuna wateja? Maana asipojibiwa atashuka bonde lingine, Mto Mzinga au Mto Tegeta, na miaka kumi ijayo tutaanza upya. Jiji lilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 kwenye sensa ya 2022, haliwezi kuwa na mabonde matupu bila kuwa na vyumba vya bei ya mama lishe.

Mpemba wa Ilala

Assalaam alaykum. Mmetaja nchi nyingi, nanyi mmeruka kwetu. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Mikarafuu na minazi mingi sana iling'oka, na merikebu za Sultani Barghash zikazama bandarini. Pemba haikuumia kiasi kile. Karafuu ikapanda bei, watu wakahamia kupanda Pemba, na mpaka hivi leo Pemba ndiyo inayoongoza kwa karafuu. Waliobebeshwa kazi ya kupanda upya walikuwa watumwa. Katika kuuliza nani alilipa, na hao muwaandike.

Mkazi wa Mchikichini (mleta mada)

Waalaykum salaam. Ahsante sana, hili ni zito na linapaswa kufundishwa shuleni. Aprili 1952 nako Lindi ilipigwa na kimbunga. Wanaodhani vimbunga si vya pwani yetu wasome historia.

Wakuu, nina ombi. Dar kuna vijana waliozunguka mitaa na simu zao kuanzia 2015 kwenye mradi wa Ramani Huria, wakachora mitaro na nyumba ambazo hazikuwa kwenye ramani yoyote, na mpaka leo wataalamu wa mafuriko wanatumia kazi yao. Sisi tuandike upande wa mali. Aliyewahi kuingiliwa na maji, 2011, 2018, 2024, mwaka wowote, aandike hapa chini: mtaa, mwezi, alichopoteza, na kilimgharimu shilingi ngapi kukirudisha. Usitaje jina wala namba ya simu. Nitakusanya nipeleke ofisi ya serikali ya mtaa, na nakala nitaiweka hapahapa mwone.

Mama Lishe wa Kigogo

Na riba ya mkopo niiweke?

Mkazi wa Mchikichini (mleta mada)

Weka dada. Riba, kodi ya wiki ambazo hukuuza, ada ya mtoto, dawa za kuhara. Vyote weka.

Fundi wa Tabata

Nikianza mimi: Tabata, Aprili 2018. Mifuko 14 ya saruji ya kazi ya mtu ililowa nikailipa mwenyewe. Mashine ya kuchomelea ya kuazima, ikaungua. Msingi wa banda langu ulichimbwa na maji, nikajaza mawe upya lori mbili. Bei nitaziandika jioni nikitoka saiti, risiti ninazo.